Safari ya Kumi Hailipiwi

Wiki iliyopita nilikwenda dukani kumnunulia mume wangu viatu vya mazoezi. Wakati nangojea namba yake, muuzaji akafungua pakiti ya mipira ile mipana kama utepe, ya manjano, ambayo watu huivuta kwa mikono na miguu. Harufu ya mpira mpya uliopakwa unga ikanipanda puani, na mimi, mwanamke mzima mwenye watoto wawili, nikasimama katikati ya duka machozi yakinilengalenga. Muuzaji akaniuliza kwa Kiarabu kama nimeumia mguu. Nikamjibu ndiyo, maana ningemwambia nini?

Mpira ule niliujua utotoni, katika majlisi, ukumbi wa wageni, kwa bibi yangu, mtaa wa Bawshar. Wenzangu tuliokulia Maskati tukisema Kiswahili ndani na Kiarabu mlangoni mnazijua nyumba zile za zamani za ghorofa moja: ukuta mrefu, geti la chuma, mnanaa uliopandwa chini ya bomba la kiyoyozi ili maji yasipotee bure. Ya Bibi ilikuwa hivyo hivyo. Tofauti yake ni kwamba ilikuwa yake kweli. Babu, alipokuwa hai, aliiandikisha kwa jina la mkewe, na ile karatasi ya mulkiya, hati ya nyumba, Bibi aliihifadhi kabatini, ndani ya mfuko wa kitambaa pamoja na sanda aliyoletewa kutoka Makka. Mimi na mama yangu tuliishi naye tangu Mama alipoachika. Mama alifanya kazi uwanja wa ndege, akitoka alfajiri, kwa hiyo mtu wangu wa kila saa alikuwa Bibi. Yeye ndiye aliyenisuka nywele, yeye ndiye aliyenisomesha, na mgeni yeyote aliyeingia kwake hakutoka mikono mitupu. Hata fundi wa maji aliondoka na bakuli la halwa.

Kisha kiharusi kikampiga upande wa kushoto. Aliporudi kutoka hospitali alikuwa mtu wa kuinuliwa na kuketishwa, na mwanamke yule ambaye sauti yake ilisikika mpaka barabarani akawa hasemi ila kuomba maji. Ndipo hospitali ikamleta Bi Ruti, mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Alikuwa mama wa makamo, mfupi, mpana, nywele za mvi zilizokatwa fupi, na viatu vikubwa vya kiume. Tulimdhania Mwingereza. Alipoushika mguu wa Bibi na kuukunja, Bibi akalalamika kwa Kiswahili, kama mtu anayejisemea peke yake: "Yallah, mguu wangu umekufa huu." Yule mama akajibu bila ya kuinua kichwa: "Mama, hii mguu yako haikukufa. Iko na uvivu tu."

Bibi akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu augue, kicheko cha upande mmoja wa mdomo, na Mama aliyekuwa amesimama mlangoni akageuka akajifuta macho. Kumbe Bi Ruti alizaliwa na kukulia Nairobi. Wazazi wake walikimbilia huko kutoka Ulaya enzi za vita, baba yake akafungua duka la vifungo na nyuzi, na Kiswahili alikipata kwa watu wa dukani. Siku ya pili tu alimwambia Bibi waziwazi kwamba yeye ni Myahudi, na kama hataki, ataletewa mtu mwingine. "Ahlul kitabu, watu wa kitabu," Bibi akasema. "Haya, endelea na mguu. Na wewe Nasra, hayo yasitoke nje. Watu wana midomo."

Alikuja kila Jumapili na Jumatano, baada ya alasiri. Nilikaa chini na vitabu vyangu vya skuli nikijifanya nasoma, kumbe namchunguza. Alikuwa na mambo yake. Kila alipoingia majlisi aligusa mwimo wa mlango, ule wa upande wa kulia, kwa ncha za vidole, kisha akavipeleka vidole mdomoni, haraka, kama mtu asiyejua kama amefanya. Leo najua kwamba nyumba zao huwa na maandiko yao yaliyotiwa katika kijaluba na kupigiliwa pale mlangoni, na kwamba mkono uliozoea huenda wenyewe hata mahali pasipo na kitu. Wakati ule sikujua. Nikaona huyu mama anaipenda nyumba yetu mno, mpaka anaibusu.

Jambo la pili lilikuwa bahasha. Kila safari Mama aliiacha bahasha ya malipo juu ya meza, na Bi Ruti aliichukua bila maneno. Lakini safari ya kumi akairudisha. Safari ya ishirini vilevile.

"Kwani vipi?" Bibi akamuuliza. "Tumekukosea?"

"Hapana, Mama. Baba yangu alisema, kwa kila kumi, moja si yako, Mungu amekupa ukae nayo tu upelekee mtu. Sasa hii ya leo iko ya wewe."

Bibi akatikisa kichwa. "Kwetu zaka ya pesa ni fungu la arubaini. Nyie Mungu kakubaneni kweli kweli." Wakacheka wote wawili, na Bi Ruti akaondoka na halwa.

Baba yake huyo nilimjua kuliko nilivyomjua baba yangu, kwa jinsi alivyosimuliwa. Alikuwa na mpango kwa kila riali, au shilingi, aliyopata. Fungu moja aliliweka kwenye ardhi, moja kwenye biashara, na moja alikaa nalo mkononi, kwa sababu wazee wa dini yao waliagiza hivyo. Mwenyewe alikula kidogo kuliko uwezo wake na alivaa kwa kadiri ya uwezo wake, ila kwa mke na watoto alipita uwezo. "Yeye alikula viazi," Bi Ruti akasema akiuvuta ule mpira wa manjano, "sisi tunakula kuku. Mimi nilifikiri hapendi kuku." Na hakuwahi kumpa mtoto mmoja kitu akamnyima mwingine, hata utepe wa nywele. Alisema katika kitabu chao yuko baba aliyempendelea mwanawe mmoja kwa kanzu nzuri, ndugu zake wakamuuza.

"Yusuf!" Bibi akapiga paja kwa mkono wake mzima. Jioni ile mguu ulisahauliwa. Walisimuliana kisa chote, wakibishana nani alisema nini na mbwa mwitu alitajwa na nani, mpaka ghafla Bibi akaanza kuhesabu kwa vidole. "Mie nnao wawili," akasema. "Khalfan na Maryam." Maryam ni mama yangu. Sikujua kwa nini alikuwa akiwahesabu.

Mjomba Khalfan alikuwa na biashara ya marumaru. Alikuja kila jioni na udi umemjaa, akambusu mama yake kichwa na mkono, na mimi akanichukua garini kwenda kula aiskrimu. Nilimpenda sana, nisiwadanganye. Alizungumza na mimi kama mtu mzima, akinifundisha mambo ya biashara, na moja aliloniambia nililishika kuliko somo lolote la skuli: mtu akikataa pesa yake halali, basi ujue anangojea kitu kikubwa zaidi. Msimu ule biashara ilikuwa imembana. Alitaka Bibi amwandikie nyumba, iwe hiba, yaani zawadi, ili benki impe mkopo. Aliahidi ataongeza ghorofa mbili, Bibi akae chini, sisi juu, na hakuna atakayehamishwa. Sidhani alikuwa anadanganya. Alikuwa mtu wa kuamini ahadi zake mwenyewe, na watu wa namna hiyo ndio wagumu kukataliwa.

Jumatano moja Bibi alimweleza Bi Ruti. Nilikuwa pale pale chini, na penseli mdomoni.

"Nyumba hii ndiyo nilonayo. Lakini mtoto akikuomba, utamwambiaje hapana? Mie nshakuwa nusu mtu. Nyumba nnaifanyia nini?"

Bi Ruti aliuachia mpira. Akakaa kitako juu ya zulia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Mama, usipe."

"Ni mwanangu yule."

"Ndiyo. Mpende, mlishe, mpe pesa kama iko. Nyumba usipe ukiwa hai. Wazee wetu walikaa wakasema kuna watu wakilia hakuna wa kuwahurumia, kwa sababu wamejiletea wenyewe, na mmoja ni yule aliyeandikia watoto mali yote kabla hajakufa. Wao hawakusema watoto ni wabaya. Walisema wewe umejinunulia bwana wa kukutawala. Leo mtoto anakuja kukuamkia. Ukimpa, wewe ndio utakwenda kumuamkia."

"Sisi tuna mirathi," Bibi akasema polepole. "Kila mtu na fungu lake, Khalfan lake, Maryam lake. Mungu keshagawa."

"Basi ngoja Mungu agawe. Wewe unamtangulia kwa nini?"

Bibi alishika mkono wa Bi Ruti akakaa nao. Jioni ile Mjomba alipokuja, alimwambia, "Nipe mpaka baada ya Idi, mwanangu. Nnafikiri." Nilikuwa sijapata kumsikia Bibi akimwambia Mjomba neno "nnafikiri."

Usiku kucha akili yangu ya miaka minane ilifanya kazi. Mama huyu anabusu mlango wetu. Anakataa pesa yake. Vyumba vyote anavijua, kwa sababu humtembeza Bibi kutoka kimoja hadi kingine. Na sasa hataki Mjomba apewe nyumba. Nikaona kila kitu kimekaa sawa. Bi Ruti anaitaka nyumba yetu, na mimi peke yangu ndiye ninayejua. Mnaweza kucheka. Mimi sijaweza bado.

Kesho yake Mjomba akanipeleka aiskrimu. Alikuwa mnyonge, anapigapiga usukani. "Bibi yako kabadilika," akasema. "Sijui nani kamtia maneno."

Hakuniuliza. Ningeweza kuendelea kula aiskrimu yangu. Nikamwambia yote: mwimo wa mlango, bahasha, wazee wa dini yao, na kwamba Bi Ruti ni Myahudi. Lile Bibi aliloniambia lisitoke nje ndilo nililolisema kwa nguvu zaidi, kwa sababu niliona ndilo lililomfanya Mjomba asimamishe gari. Akanitazama, akanishika shavu. "Umefanya vizuri, mwanangu. Umetuokoa." Nikajiona mkubwa sana.

Tulirudi nyumbani moja kwa moja. Mama alikuwa ametoka kazini, hata mtandio hajavua. Mjomba hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alipiga magoti mbele ya kiti cha Bibi.

"Mama, mie nimekukosea nini mpaka umwamini mtu baki kuliko mwanao? Myahudi, Mama? Anaingia nyumbani kwetu, anakugombanisha na mtoto wako, na weye unamsikiliza?"

"Hakunigombanisha," Bibi akasema. "Kanipa nasaha."

"Nasaha ya nini? Mtu huyo anatutakia nini sisi? Ukifikiria mie ntakutoa humu, niambie. Niambie hapa hapa kuwa huniamini, nnyanyuke niende zangu."

Mama akasema, "Khalfan, mwache, mgonjwa huyu." Mjomba akamgeukia: "Na weye Maryam unataka fungu lako, siyo? Sema." Mama akafunga mdomo. Mama yangu aliyekuwa akibishana na abiria wa dunia nzima pale uwanja wa ndege alifunga mdomo, kwa sababu akisema lolote ataonekana anamngojea mama yake afe. Nilimtazama akikunja na kukunjua ncha ya mtandio.

Bibi alitutazama mmoja mmoja. Alipofika kwangu, mimi nilikuwa bado natabasamu, nangojea naye aseme nimefanya vizuri. Sijui kama alifahamu wakati ule kuwa ni mimi. Akamshika Mjomba kichwa. "Nakuamini, baba. Nani kasema sikuamini? Nipeleke unapotaka."

Jumapili iliyofuata alipelekwa kuandikisha, amevishwa abaya mpya. Saini yake ilikuwa ya mkono wa kulia, ule mzima. Wakati wa alasiri nilikaa chini na vitabu vyangu, Bi Ruti hakuja. Mjomba alikuwa ameshapiga simu hospitali kusema hatumhitaji tena. Wakamleta kijana mwingine, mwema, asiyejua Kiswahili, na Bibi akawa anafanya mazoezi kimya kimya mpaka siku moja akasema yanatosha.

Ghorofa mbili hazikujengwa. Sitawachosha na habari za marumaru. Kwa ufupi, benki ilitaka chake, Mjomba akaiuza nyumba kabla hawajaichukua, na kabla mwaka haujamalizika tulikuwa tunatia vyombo katika maboksi. Alilia, Mjomba, alilia mbele yetu sote, na Bibi ndiye aliyekuwa akimtuliza. Mimi na Mama tukapanga fleti ya vyumba viwili. Bibi hakuweza kupanda ngazi zetu, na Mjomba hakukubali mama yake akae kwingine. Akamchukua kwake Mawaleh, katika villa ya kodi. Wakati ule nilikuwa nimeshaanza kufahamu nilichokifanya, lakini kufahamu hakukuwa na kazi yoyote. Nilikuwa na miaka tisa. Ningekwenda kumwambia nani airudishe?

Ilikuwa Ijumaa moja, tumekwenda kumwona. Wanaume walikuwa msikitini, Mama yuko jikoni anaosha mchele, na kengele ya geti ikalia. Nikatazama katika kile kioo kidogo cha kamera nikamwona Bi Ruti, amesimama juani na mkoba wake. Mkataba wake ulikuwa umekwisha, anarudi kwao, na alikuwa ameomba anwani kwa Mama ili aje kumuaga Bibi. Mama hakuwa amemwambia mtu.

Bibi alinyanyuka kabla sijamaliza kutaja jina. Alishika mkongojo wake akafika ukumbini, na hapo akasimama. Bi Zuhura, mke wa Mjomba, alikuwa ameshatoka chumbani.

"Zuhura, mwanangu," Bibi akasema, "nna mgeni. Nnaomba nimkaribishe."

Bi Zuhura hakuwa mtu mbaya. Yeye ndiye aliyemwogesha Bibi na kumkata kucha. Alitazama kile kioo, akamtambua kwa maelezo aliyokuwa amepewa, na nikaona anavyohangaika. "Mama, ngoja nimpigie Khalfan kwanza." Akapiga. Simu haikushikwa, ilikuwa khutba. Akapiga tena. "Nisamehe, Mama. Nyumba si yangu mie. Nikimfungulia, mie ndo ntaulizwa."

"Kweli," Bibi akasema. "Wala si yangu."

Akaniambia nimshike mkono. Tulitoka uani, tukalivuka lile joto, nikafungua geti, na Bibi akatoka nje kwa mgeni wake, kwa kuwa mgeni hakuweza kuingia kwake. Palikuwa na kivuli chembamba tu cha ukuta. Wakasimama ndani yake, wamebanana, wakishikana mikono. Bi Ruti alimtazama mguu. "Unatembea vizuri, Mama."

"Mie nilikusikia siku ile," Bibi akamwambia. "Usidhani sikukusikia."

"Najua, Mama."

Bibi akanigeukia. Nilimwona anatafuta cha kumpa. Mkono wake mzima ulikwenda shingoni, masikioni, ambako hakukuwa tena na dhahabu, kisha ukashuka. "Nasra, kamuombe mke wa mjomba wako halwa kidogo. Muombe, usichukue." Nikakimbia. Bi Zuhura akanipa bakuli lote, huku anatazama pembeni, na niliporudi Bi Ruti alilipokea kwa mikono miwili. Aliniwekea kiganja kichwani. Hakujua. Akapanda teksi yake akaenda.

Tukabaki pale kivulini, mimi na Bibi. Nilikuwa nimeliandaa neno langu kwa miezi: Bibi, ni mimi niliyemwambia Mjomba. Nikalifungulia mdomo. Hapo gari ya Mjomba ikakata kona, naye akashuka na kanzu nyeupe, uso umejaa wasiwasi. Neno likanirudi tumboni, na mpaka Bibi anazikwa halikutoka tena.

"Mama! Unafanya nini nje na jua hili?" Akamkumbatia, akambusu kichwa, akamfuta jasho kwa ncha ya kilemba chake. Alimpenda, hilo nitalisema mpaka mwisho.

"Nilikuwa na mgeni," Bibi akasema. "Nilitaka kukuomba ruhusa, mwanangu. Siku nyingine nikiwa na mgeni."

Mjomba akacheka, akaona haya, akafungua geti wazi kabisa na kumshika kiwiko. "Ruhusa ya nini, Mama? Nyumba yako hii!"

Bibi akainamisha kichwa, akauvuka mlango na mkongojo wake, akamwambia, "Ahsante, baba. Ahsante sana."